Aspirini, klopidogreli, prasugreli au tikagrelo: mlango upi wa chembe sahani ufungwe?

Wembe ukikukata kidole, damu huchuruzika, kisha baada ya dakika chache inakatika yenyewe. Wa kwanza kufika kwenye jeraha ni chembe sahani, ambazo wengi huziita plateleti: vipande vidogo vya seli vyenye upana wa mikromita 2 hadi 3, visivyo na kiini, vinavyomeguka kutoka kwenye seli kubwa za uboho. Katika kila mikrolita ya damu ya mtu mzima mwenye afya huwamo kati ya 150,000 na 450,000. Kila moja huishi siku 7 hadi 10, basi.

Ubaya wake ni mmoja: chembe sahani haijui kidole ni kipi na moyo ni upi. Kwenye ateri zinazolisha msuli wa moyo, mafuta hujijenga ukutani kwa miaka mingi, yakiwa yamefunikwa na utando mwembamba. Siku utando huo ukichanika, damu inayopita hukutana na kolajeni, protini ya ukuta wa ateri, iliyokuwa imefichwa chini yake. Kwa chembe sahani hilo ni jeraha kama jeraha jingine. Zinanasa pale, zinaacha umbo la kisahani na kuota miiba kama nungunungu, kisha zinamwaga kemikali za kuwaita wenzao. Kidole kikizibwa hivyo, unashukuru. Ateri yenye upana wa milimita 3 au 4 ikizibwa hivyo, msuli ulio mbele yake huanza kufa ndani ya nusu saa hivi, na hilo ndilo shambulio la moyo.

Ndiyo maana dawa zote nne zitakazolinganishwa hapa zina tabia moja ambayo hakuna kiwanda kilichoweza kuiondoa: inayozuia bonge la damu moyoni inazuia pia damu kukatika tumboni, puani na kichwani. Nguvu na hatari hukaa kwenye kidonge kimoja. Anayeuliza "ipi kali zaidi?" ameanzia mahali pabaya. Cha kuuliza kwanza ni huyu mgonjwa ni nani, na ugonjwa wake umefika hatua gani.

Milango miwili

Chembe sahani iliyoamka huita wenzake kwa njia kadhaa, lakini mbili ndizo zinazogombewa na dawa za kumeza. Ya kwanza ni thromboksani A2, kemikali ambayo chembe hiyo huitengeneza yenyewe kwa kutumia kimeng'enya kiitwacho COX-1. Ya pili ni ADP, kemikali nyingine ambayo huwa imehifadhiwa tayari ndani yake. Ikimwagwa nje, inagonga kwenye kipokezi cha P2Y12 cha chembe ya jirani na kuiamsha. Njia zote huishia pamoja: chembe hufungua vishikio vyake na kushikana mikono kwa nyuzi za fibrinojeni, protini ya damu.

Aspirini hufunga mlango wa thromboksani. Klopidogreli, prasugreli na tikagrelo zote tatu hufunga mlango wa P2Y12. Kwa hiyo aspirini na klopidogreli zinaweza kutumiwa pamoja, kila moja na mlango wake, ila klopidogreli na tikagrelo haziandikwi pamoja, kwa sababu zote zinagombea kitasa kimoja. Ukikuta mgonjwa ana zote mbili mfukoni, mara nyingi amebadilishiwa dawa na hakuna aliyemwambia aache ya zamani. Hilo ni la kurudi kwa daktari siku hiyohiyo.

Kuna jina la mtaani linalopotosha, "dawa ya kulainisha damu". Dawa hizi hazigusi uzito wa damu hata kidogo. Na jina hilo huzitia kapu moja na warfarini, ambayo kazi yake ni kwenye protini za kugandisha na wala si kwenye chembe sahani. Tofauti hiyo si ya vitabuni tu. Mwaka 1998 majaribio yaitwayo STARS yalilinganisha wagonjwa waliowekewa stenti, ule wavu mdogo wa chuma unaoshikilia ateri ibaki wazi. Waliopewa aspirini peke yake walipata matatizo makubwa ndani ya siku 30 kwa asilimia 3.6; waliopewa aspirini na warfarini, asilimia 2.7; na waliopewa aspirini na tiklopidini, ambayo ni dada mkubwa wa klopidogreli, asilimia 0.5. Stenti huzibwa hasa na chembe sahani, na wanaozidhibiti chembe hizo ndio walioshinda. Tiklopidini yenyewe haikudumu: ilikuwa ikishusha chembe nyeupe za damu kwa baadhi ya watu, na klopidogreli ikachukua nafasi yake.

Aspirini au klopidogreli

Aspirini ina zaidi ya miaka mia moja, lakini moyoni imeingia kwa mlango wa nyuma. Lawrence Craven, daktari wa Glendale, California, aliona kwamba wagonjwa aliowaondoa mafindofindo na waliokuwa wakitafuna ubani wenye aspirini walivuja damu kuliko wengine. Akawaza: kama inazuia damu kukatika kooni, si itazuia pia bonge moyoni? Katika miaka ya 1950 aliandika kuhusu wanaume aliowapa aspirini, lakini hakuwa na kundi la kulinganisha na watu hawakumsikiliza sana. Maelezo ya namna inavyofanya kazi yalikuja mwaka 1971 kupitia John Vane, aliyepata Tuzo ya Nobeli mwaka 1982.

Maelezo yenyewe ni matamu. Aspirini huchoma COX-1 na kuiua kabisa. Seli nyingine ingetengeneza kimeng'enya kipya kesho yake, lakini chembe sahani haina kiini, haina ramani ya kutengenezea. Ikishapigwa, imepigwa mpaka ife. Ndiyo sababu kidonge kidogo cha miligramu 75 hadi 100 kinatosha kwa siku nzima, wakati dawa yenyewe hukaa kwenye damu muda mfupi mno. Kila siku uboho huleta karibu asilimia 10 ya chembe mpya, na kidonge cha kesho huzisubiri.

Ushahidi wa aspirini katika saa ya hatari ni mzito. Majaribio ya ISIS-2, yaliyochapishwa mwaka 1988 yakiwa na wagonjwa 17,187 waliodhaniwa kupata shambulio la moyo, yalionyesha kuwa miligramu 162 kwa siku kwa mwezi mmoja zilipunguza vifo vya moyo na mishipa kwa asilimia 23. Kwa dawa ya bei ya chini kiasi hicho, sijui nyingine inayoikaribia. Kifua kikibana ghafla na mgonjwa akaambiwa na wahudumu wa dharura ameze aspirini, aitafune: iliyotafunwa huingia damuni haraka kuliko iliyomezwa nzima, hasa ile yenye ganda la kulinda tumbo.

Klopidogreli ni dawa inayosafiri kabla ya kufanya kazi. Kinachomezwa si dawa bado. Ini lazima likigeuze. Sehemu kubwa, karibu asilimia 85, huharibiwa njiani, na kilichobaki hugeuzwa na vimeng'enya vya ini, hasa kiitwacho CYP2C19. Tatizo ni kwamba wapo watu waliozaliwa na CYP2C19 dhaifu. Wanameza kila asubuhi bila kukosa, na chembe zao sahani hazina habari. Mwaka 2010 mamlaka ya dawa ya Marekani iliagiza onyo kali liwekwe kwenye maelezo ya klopidogreli kwa sababu hiyo. Omeprazoli na esomeprazoli, dawa za asidi ya tumbo ambazo watu wengi huzimeza bila hata kuzitaja kwa daktari, hukibana kimeng'enya hichohicho. Pantoprazoli huingilia kidogo zaidi.

Zikiwekwa ana kwa ana, tofauti ni ndogo kuliko watu wanavyodhani. CAPRIE, majaribio ya mwaka 1996 yenye wagonjwa 19,185, ilikuta matukio (kiharusi, shambulio la moyo au kifo cha mishipa) ya asilimia 5.32 kwa mwaka kwa waliotumia klopidogreli na 5.83 kwa aspirini. HOST-EXAM ya Korea Kusini, iliyotoka mwaka 2021, ilichukua watu 5,438 waliokwisha kumaliza kipindi cha dawa mbili, aspirini na moja ya P2Y12, baada ya stenti, ikawagawa: baada ya miezi 24 klopidogreli ilikuwa na asilimia 5.7 ya matukio, kutokwa damu kukiwa kumehesabiwa humo, dhidi ya 7.7 ya aspirini.

Mimi ningeisoma hivi. Kwa mtu mwenye ugonjwa wa ateri za moyo aliyetulia, aspirini inabaki kuwa chaguo la kwanza lisilo na aibu. Klopidogreli ina haki ya kuchukua nafasi yake kwa mwenye mzio wa aspirini, kwa ambaye tumbo lake limeshindwa nayo, na kwa mwenye ugonjwa wa mishipa ya miguu pia, kwa kuwa katika CAPRIE hao ndio walioonekana kufaidika zaidi. Kumhamisha mtu ambaye aspirini inamkubali, kwa sababu tu amesikia klopidogreli ni mpya, sioni haja.

Jambo moja la aspirini husahaulika. Ibuprofeni ikimezwa kabla yake hukalia mahali palepale kwenye COX-1 na kuizuia aspirini isichome. Anayetumia zote mbili huambiwa aspirini itangulie angalau nusu saa, au ipite zaidi ya saa 8 baada ya ibuprofeni. Akiitumia ibuprofeni kila siku, bora atafutiwe dawa nyingine ya maumivu.

Klopidogreli au tikagrelo

Hapa tunahamia kwa mtu aliyetoka tu kupata shambulio la moyo. Kwake mlango mmoja hautoshi. CURE ya mwaka 2001, wagonjwa 12,562, ilionyesha kwamba kuongeza klopidogreli juu ya aspirini kulishusha vifo vya moyo na mishipa, mashambulio ya moyo na viharusi kutoka asilimia 11.4 hadi 9.3. Bei yake ilionekana palepale: kutokwa damu kukubwa kulipanda kutoka asilimia 2.7 hadi 3.7. Tangu hapo swali likawa dawa ipi ya pili iandamane na aspirini.

Tikagrelo haihitaji kugeuzwa na ini ndipo ifanye kazi. Ikimezwa huanza kuonekana ndani ya saa moja hivi kwa mtu aliyetulia, na haijali CYP2C19 ya mtu ikoje. Haishikamani na P2Y12 milele. Hushika na kuachia, ndiyo maana humezwa mara mbili kwa siku, miligramu 90 kila mara, baada ya dozi ya kuanzia ya miligramu 180. PLATO ya mwaka 2009 iliilinganisha na klopidogreli kwa wagonjwa 18,624: matukio asilimia 9.8 dhidi ya 11.7, na vifo vya moyo na mishipa asilimia 4.0 dhidi ya 5.1. Kupunguza vifo si jambo linalopatikana kila siku katika majaribio ya namna hii.

Sasa upande wa pili wa karatasi. Katika majaribio hayohayo, asilimia 13.8 ya waliotumia tikagrelo walilalamika kukosa pumzi, dhidi ya 7.8 ya wenzao. Hili linahitaji kuangaliwa kwa karibu kwa sababu ndilo linalowafanya watu waiache kimyakimya. Mgonjwa amekaa kitini, hafanyi kitu, anahisi kama pumzi haijashuka mpaka chini. Anavuta nyingine, inapita kidogo. Mara nyingi mapafu na moyo havina kasoro mpya, na hali hiyo hupungua yenyewe. Lakini mtu aliyetoka kwenye shambulio la moyo wiki iliyopita akikosa pumzi hawezi kukaa akijiambia "ni dawa tu". Lazima apimwe, maana moyo uliochoka pia hukosesha pumzi. Kama daktari hakumtajia jambo hili siku ya kuandikiwa, amemwacha njia panda.

Tena, mara mbili kwa siku ni mara mbili kwa siku. Anayesahau dozi za jioni anapoteza kinga haraka kuliko wa klopidogreli, kwa kuwa tikagrelo huachia. Haipatani na rifampisini, inayoifuta mwilini kabla haijafanya kazi, wala na klarithromaisini na ritonaviri, ambazo huifanya ijazane. Aspirini inayoandamana nayo isizidi miligramu 100 kwa siku. Dozi kubwa zaidi ilionekana kuharibu faida yake.

Kwa mtu wa miaka 55 aliyepata shambulio la moyo, aliyewekewa stenti, hajawahi kutokwa damu vibaya na anaweza kufuata saa, tikagrelo inastahili kutangulia. Kwa mzee wa miaka 78, mwembamba, mwenye damu pungufu na historia ya vidonda vya tumbo, hesabu inageuka. POPular AGE, majaribio ya Uholanzi yaliyotoka mwaka 2020 kwa watu wa miaka 70 na zaidi, yalikuta kutokwa damu kwa asilimia 18 kwa waliopewa klopidogreli na 24 kwa waliopewa dawa kali, yaani tikagrelo au prasugreli, na wenye klopidogreli hawakuonekana kulipia tofauti hiyo kwa moyo. Klopidogreli pia ndiyo huchaguliwa kwa anayelazimika kumeza dawa ya kuzuia kuganda kwa damu kwa sababu ya mapigo ya moyo yasiyo na mpangilio. Kumrundikia huyo tikagrelo juu yake ni kumtafutia kutokwa damu.

Prasugreli au tikagrelo

Prasugreli ni ndugu wa klopidogreli aliyefundishwa adabu: nayo hugeuzwa na ini, lakini kwa njia fupi isiyokwama, na humezwa mara moja kwa siku, miligramu 10 baada ya dozi ya kuanzia ya 60. TRITON-TIMI 38 ya mwaka 2007, watu 13,608, iliipa asilimia 9.9 ya matukio dhidi ya 12.1 za klopidogreli. Wenye kisukari walifaidika zaidi, asilimia 12.2 dhidi ya 17.0. Kutokwa damu kukubwa kulikuwa asilimia 2.4 dhidi ya 1.8, na damu iliyoua ilikuwa nyingi zaidi pia.

Ina mstari mwekundu mmoja usiovukwa: aliyewahi kupata kiharusi, hata kile cha kupita kilichoisha ndani ya saa moja, hapewi. Katika majaribio watu hao waliumia kuliko walivyopona. Kwa mwenye miaka 75 na kuendelea kwa kawaida haipendekezwi, na mwenye uzito chini ya kilo 60 hupunguziwa hadi miligramu 5. Ni kwa wanaowekewa stenti. Kwa anayetibiwa kwa dawa pekee haina kazi yake.

Wengi walitegemea tikagrelo ingeishinda. ISAR-REACT 5 ya mwaka 2019, iliyofanyika Ujerumani na Italia kwa wagonjwa 4,018, ilitoa jibu la kinyume: vifo, mashambulio ya moyo na viharusi ndani ya mwaka mmoja vilikuwa asilimia 6.9 kwa prasugreli na 9.3 kwa tikagrelo, na kutokwa damu hakukutofautiana kwa namna ya kutegemewa. Kwa anayekwenda kuwekewa stenti na hana mstari mwekundu wowote, prasugreli ya mara moja kwa siku, isiyokosesha pumzi, ni chaguo zuri kuliko umaarufu wake. Aliyewahi kupata kiharusi cha mshipa kuziba, prasugreli imetoka mezani. Aliyewahi kutokwa damu ndani ya fuvu, tikagrelo nayo imetoka.

Kwa muda gani

Baada ya shambulio la moyo, desturi ni dawa mbili kwa miezi 12. Kwa stenti iliyowekwa bila dharura, kwa kawaida ni miezi 6. Anayevuja damu kirahisi hufupishiwa, wakati mwingine hadi mwezi mmoja au mitatu. Fikra za zamani zilikuwa kwamba kinachoachwa mapema ni dawa ya P2Y12 na aspirini inabaki. TWILIGHT ya mwaka 2019 iligeuza hilo: baada ya miezi 3 ya dawa mbili, walioacha aspirini wakabaki na tikagrelo peke yake walitokwa damu kwa asilimia 4.0 dhidi ya 7.1 ya walioendelea na zote, bila kuongezeka kwa mashambulio.

Na ambaye hajawahi kuugua moyo kabisa? Huyu ndiye anayeishangaa orodha hii yote na kujiuliza kama aanze japo aspirini. Mwaka 2018 majaribio matatu makubwa, ASPREE, ARRIVE na ASCEND, yalimjibu: faida ni ndogo au haipo, na kutokwa damu ni kwa uhakika zaidi. Mwaka 2022 jopo la kinga la Marekani lilishauri watu wa miaka 60 na zaidi wasianze aspirini kwa ajili ya kujikinga tu. Anayeitumia tayari kwa ushauri wa daktari asiiache kwa kusoma makala. Arudi kwa aliyemwandikia.

Siku ya kuacha

Stenti mpya ikiachwa bila dawa ndani ya wiki za mwanzo inaweza kuziba kwa saa chache, na ikiziba huua wengi. Kwa hiyo hakuna kuacha kwa sababu ya kidoa cha bluu mkononi au fizi zinazotoa damu wakati wa kupiga mswaki. Choo cheusi kinachonata kama lami, kutapika damu, kichwa kinachouma ghafla kuliko kilivyowahi kuuma: hapo ni hospitali mara moja, na mgonjwa aende na vidonge vyake mkononi.

Kabla ya upasuaji mkubwa, kila dawa ina siku zake: tikagrelo husimamishwa siku 3 hadi 5 kabla, klopidogreli siku 5, prasugreli siku 7. Aspirini mara nyingi huachwa iendelee. Tarehe hizo hupangwa na daktari wa moyo pamoja na wa upasuaji, wakiwa wameambiwa stenti iliwekwa lini. Kwa daktari wa meno mambo ni mepesi zaidi: jino moja kwa kawaida hung'olewa bila kusimamisha chochote, mgonjwa akiuma shashi kwa nguvu mpaka damu ikatike, hata kama leo itachukua muda mrefu kuliko zamani.